Mapango ya Amboni au msitu wa Amani?

Ukiwa Tanga na una siku moja tu, nenda Amboni. Ni kilomita 8 hivi kutoka mjini, upande wa barabara ya Mombasa, bodaboda inakufikisha. Ndani ni giza totoro, popo wametanda juu, na mawe ya chokaa yamechongwa na maji hadi yakawa na maumbo ya ajabu. Wapo wanaoingia kutambika, kwa hiyo tembea kwa adabu. Vaa viatu visivyoteleza, beba tochi.

Amani, kupitia Muheza, inataka ulale: ubaridi wa Usambara Mashariki, vinyonga, bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Ila masika barabara ya mlimani ni tope. Mimi ningeanza na pango.