Globu ya "Saa 15,000" Imekufa, Tunaipasua

Haya familia, karibuni. Hii ni globu ya LED, wati 9, mwanga mweupe, kitako cha pini, hayo mnayajua. Hasira zangu ziko hapa ubavuni mwa boksi: eti itadumu saa 15,000! Ukiiwasha kwa muda wa saa tano kila usiku, hiyo ni miaka minane na ushee. Hii imekufa hata bei yake sijaisahau. Elfu tatu, kwa mnaouliza.

Nimeshaichomoa kwenye holda, usipasue kitu chenye umeme. Nabandua kifuniko... hicho. Sogeeni. Vijidude hivi vya njano ndizo LED zenyewe, ndizo zinazotoa mwanga, zimefungwa kwa mfululizo, umeme unapita hii ndipo uifikie ile. Sasa angalieni hii, ina nukta nyeusi katikati. Moja tu! Imeungua, njia imekatika, zote zimezimika nayo. Subirini nilete kipimia LED cha mafundi tivii. Hii inawaka. Hii inawaka. Hii nayo, cheki! Nzima zote, zinakwenda jalalani kwa sababu ya moja.

Kilichoiua ni joto. Watengenezaji wameweka LED chache, wakazisukumia mkondo mkubwa zing'ae, na alumini ya kupoza joto ni nyembamba kama karatasi.

Na wakitaka kutengeneza nzuri wanaweza. Mwaka 2016 kampuni ya Philips na Manispaa ya Dubai walitoa globu ya wati 3 inayoshika nafasi ya ile ya zamani ya wati 60. Siri yake? LED nyingi, kila moja inasukumwa kidogo. Philips haohao, mwaka 1924 kule Geneva, walikuwa na Osram na wenzao kwenye Phoebus, umoja wa makampuni ya globu uliokubaliana hivi: globu isizidi saa 1,000, na kiwanda ambacho zake zinadumu zaidi kinapigwa faini! Sisemi hawa wa leo wamekaa kikao. Kugombania bei tu kunatosha kutuletea globu za kufa mapema.

Ile globu nyingine, ya bei mara mbili ya hii, mnayoniulizia kama ni bora, ni nzito, naipenda, ila rangi yake sebuleni inanikumbusha zahanati. Video yake Ijumaa. Jiungeni basi.

Fundi anayejua anaweza kuchomoa rezista moja kati ya hizi mbili zinazopanga mkondo wa LED, globu ikiwa bado nzima. Mwanga unapungua kidogo, joto linashuka. Kama si fundi, acha, hapa kuna volti 230. Wewe dukani ipime mkononi kabla hujalipa. Ikiwa nyepesi mno, alumini ni haba, irudishe. Muuzaji akinuna, anune.