Vanishi angavu "ya ndani na nje": ya nje wapi?

Kopo limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inafaa ndani na nje. Masika ya pili hayajafika, na vanishi kwenye reli za baraza linalotazama bahari inatoka maganda marefu ya kuvuta kwa vidole, huku mvule chini yake umeshageuka kijivu. Nilipopeleka kipande dukani, muuzaji hata hakukigusa. "Mbao zako zilikuwa mbichi, fundi." Akageukia mteja mwingine.

Mbichi? Kipima unyevu kilisoma asilimia 13 kabla ya kupaka. Na lau ingekuwa unyevu, vanishi ingebanduka pande zote. Upande wa chini wa reli, usioonwa na jua, vanishi ingali inang'aa. Palipobanduka ni mgongo wa reli unaochomwa mchana kutwa, na vichwa vya nguzo ndogo vinavyofyonza maji kuliko ubavu wa mbao. Vanishi angavu isiyo na kinga hupitisha miale ya urujuanimno ya jua hadi kwenye mbao, miale hiyo inavunja lignini inayoshikanisha nyuzi, na uso ukishalegea vanishi haina pa kushika. Halafu hii ni polyurethane, vanishi ya plastiki ngumu, haiendi na mbao zikitanuka na kusinyaa. Ikipata ufa mdogo tu, maji yanaingia chini yake na hayatoki.

Kwa haki, milango ya ndani niliyoipaka vanishi hiyohiyo imekaa vizuri sana, haikwaruziki ovyo. Nilitaka kuipa nyota tatu.

Kwa reli za nje chukua mafuta ya mbao yanayopenya, yenye rangi, ya kahawia hivi. Ile rangi ndiyo kinga ya jua. Hayafanyi ngozi juu, kwa hiyo hayabanduki. Yanapauka taratibu, unaosha na kuongeza mkono mmoja bila kukwangua. Ukitaka mng'ao lazima, basi vanishi ya mashua, iliyo laini zaidi na yenye kinga ya miale, mikono minne au zaidi, na wa kwanza uchanganywe na tapentaini kama asilimia 20.

Pwani, osha chumvi kwa maji yasiyo na chumvi kwanza, acha mbao zikauke kabisa. Msasa namba 80, kisha 120, usiende juu zaidi kwa mafuta kwa sababu uso laini mno hauyanywi. Mvule una mafuta yake yanayochelewesha kukauka, kwa hiyo futa kwa tina (kiyeyusha rangi) muda mfupi kabla ya kupaka. Dondoshea tone la maji: likinywewa, paka, likisimama, rudia msasa. Vichwa vya mbao vipake mara mbili tatu mpaka vishibe. Paka kivulini, na baada ya robo saa futa yaliyobaki juu, la sivyo yatanata. Matambara yatandaze nje yakauke, maana yakirundikwa hupata joto na kuwaka yenyewe. Misumari ya chuma cha kawaida usiweke, inaacha madoa meusi kwenye mvule. Tumia skrubu za chuma cha pua.

Hayo yote muuzaji angeweza kuyasema kwa dakika mbili, au angalau akiangalie kile kipande. Nyota tatu nimezifuta. Moja, na hiyo ni ya milango.