Kwa Mkapa na Shamba la Bibi: uzoefu wangu wa kukaa mzunguko

Nimeanza kwenda Uwanja wa Benjamin Mkapa tangu ukiitwa Uwanja wa Taifa, na karibu mara zote nimekaa mzunguko, yaani majukwaa ya tiketi za bei ya chini. Kwa mtu wa kipato cha kawaida hapa Dar es Salaam, sijaona sehemu nyingine inayorudisha thamani ya pesa kama hii. Ukiwa na nauli ya daladala na tiketi ya bei ya chini kabisa, unaingia kwenye uwanja wa watu 60,000 na kuishuhudia timu yako ikipambana na mabingwa wa Afrika. Kinachoniuma ni nyasi, na nitalisema hilo bila kuficha kwa sababu naupenda uwanja huu.

Mgeni ajue kwanza kwamba viwanja viko viwili, bega kwa bega, pale Temeke jirani na chuo cha DUCE. Ule mdogo ni Uwanja wa Uhuru, sisi tunauita Shamba la Bibi, na huo ndio mkongwe. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Tanganyika ilipandishwa pale. Oktoba 1999 Watanzania walimiminika pale kumuaga Mwalimu Nyerere. Rais Kikwete aliapishwa pale mwaka 2005 na 2010, na Rais Magufuli mwaka 2015. Sherehe nyingi za Uhuru, zenye gwaride na halaiki ya watoto wa shule, zimefanyika kwenye nyasi zilezile ambazo kesho yake zilichezewa ligi.

Kwetu Wanasimba uwanja ule una kumbukumbu nyingine. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF (shirikisho la soka la Afrika) dhidi ya Stella Abidjan ya Ivory Coast. Ugenini ilitoka sare ya bila kufungana, ikarudi Dar na matumaini ya nchi nzima, ikafungwa 2-0 mbele ya Rais Mwinyi. Wazee wa Msimbazi mpaka leo wanaisimulia mechi ile kwa sauti ya chini. Mwaka huo ukumbuke, nitaurudia.

Uwanja mkubwa ulitokana na dhamira ya Rais Mkapa, ambaye serikali yake iliingia makubaliano na China. Ulijengwa na kampuni ya Beijing Construction Engineering Group na kuanza kutumika mwaka 2007. Rais Hu Jintao wa China alipozuru Tanzania Februari 2009 alihudhuria hafla ya kuukabidhi rasmi. Mkapa alipofariki Julai 2020, Rais Magufuli alitangaza kwamba uwanja utaitwa kwa jina lake, na siku hizi mtaani ukisema "naenda kwa Mkapa" hakuna anayeuliza wapi. Watangazaji wengine wanauita Lupaso, kijiji alikozaliwa marehemu.

Sasa tuingie ndani. Huu si uwanja wa mpira peke yake, kwani umezungukwa na njia ya riadha. Kwa hiyo mstari wa pembeni uko mbali na kiti chako kuliko unavyoona kwenye viwanja vya Uingereza kwenye televisheni. Ndiyo maana nawashauri watu wasikimbilie viti vya mbele. Ukikaa chini unaona miguu na mabango. Panda juu, kuanzia katikati ya jukwaa kwenda mwisho, na hapo utaona umbo la mchezo: beki anapochelewa kurudi, winga anapoingia ndani, kocha anapobadili mfumo. Mimi kutoka juu kule ndiko nilikojifunza kuusoma mpira.

Na kuna sauti. Tarehe 24 Machi 2019 Taifa Stars iliifunga Uganda 3-0, Msuva, Nyoni na Aggrey Morris wakipachika mabao, tukafuzu AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1980. Kizazi changu chote kilikuwa hakijawahi kuiona nchi yake kwenye mashindano yale. Watu wasiojuana walikumbatiana, Simba na Yanga wakasahau utani wao kwa usiku mmoja. Februari 2021 Luis Miquissone aliifunga Al Ahly, mabingwa wa Afrika, na Simba ikashinda 1-0. Ile kauli ya "kwa Mkapa hatoki mtu" wageni huidhani majigambo ya mashabiki, lakini Al Masry ya Misri nayo iliionja Aprili 2025: ilikuja ikiongoza 2-0, Simba ikazirudisha zote mbili na kuitoa kwa penalti. Novemba 2023 Yanga ilitufunga 5-1 palepale, na haki yao niwape, jukwaa lao siku ile lilikuwa zuri kulitazama.

Nje ya ligi na mashindano ya klabu, uwanja huu umewapokea wengi. Brazil ilikuja Juni 2010, ikitoka hapa kwenda kwenye mechi zake za Kombe la Dunia Afrika Kusini, ikatufunga 5-1. Everton ilicheza na Gor Mahia Julai 2017, Wayne Rooney akafunga. Sevilla ilicheza na Simba 2019, mechi ikaisha 5-4 kwa Wahispania. Oktoba 2023 Ligi ya Afrika ilizinduliwa hapa kwa sare ya 2-2 kati ya Simba na Al Ahly, na Agosti 2025 mashindano ya CHAN, ya timu za taifa zenye wachezaji wa ligi za ndani, yalifunguliwa hapa kwa Stars kuifunga Burkina Faso 2-0. Ramadhani nyasi zimepisha mashindano ya kuhifadhi Qur'ani, na kila mwanzo wa msimu huwa kuna Simba Day na Wiki ya Mwananchi, siku nzima ya muziki na utambulisho wa wachezaji. Siku hizo familia huja na watoto wadogo, na kama hujawahi kumleta mwanao uwanjani, mlete siku kama hizo kuliko siku ya watani wa jadi.

Lakini hapo hapo ndipo penye kidonda. Jukwaa la muziki ni zito. Klabu mbili kubwa, timu ya taifa, mashindano ya kimataifa na matamasha, vyote vinakanyaga nyasi zilezile, halafu masika inashuka kati ya Machi na Mei wakati mashindano ya Afrika yako kwenye hatua za mwisho. Nyasi iliyochoka ikipigwa na mvua ya Dar haisimami. Mei 2025 Simba ilifika tena fainali ya Afrika, ya kwanza tangu ile ya 1993, safari hii Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane. Tulikuwa tumefungwa 2-0 Morocco, na kilichobaki kilikuwa kuwaleta kwa Mkapa, kwa umma ule ule uliowatoa Al Masry. CAF ikaona eneo la kuchezea halifai, mechi ikahamishiwa New Amaan, Zanzibar, ikaisha 1-1. Zanzibar ilitupokea vizuri sana na Amaan ni uwanja mzuri. Ila unachukua watu wachache mno ukilinganisha na 60,000. Miaka 32 tulisubiri fainali, ikafika, na nyumba yetu ikawa haipitiki.

Sitaki matumizi mengine yafukuzwe. Uwanja wa umma ni wa umma, na anayekwenda kusikiliza Qur'ani au kumtazama msanii wake ana haki sawa na mimi. Ninachotaka ni kalenda inayoheshimu nyasi: miezi ya masika ibaki kwa mechi za kimataifa tu, majukwaa ya muziki yakae kwenye njia ya riadha au yaende Uhuru, na mechi za kawaida za ligi ziendelee kugawanywa, kama ambavyo msimu wa 2024/25 nyingi zilichezwa KMC Complex Mwenge na Azam Complex Chamazi. AFCON ya 2027 tunaiandaa pamoja na Kenya na Uganda, na muda wa kuzoesha utaratibu huu ni sasa.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza: tiketi kata mapema, N-Card yako (kadi ya kulipia tiketi) iwe na salio kabla hujatoka nyumbani. VIP A na B zina viti vizuri, lakini nikiwa na pesa ya ziada huwa nachukua VIP C, ile tofauti ya juu ya hapo siioni. Mechi kubwa ingia saa 8 mchana hata kama inaanza jioni, na usiende kwenye geti lililojaa eti kwa sababu liko karibu. Zunguka. Machi 2021, watu walipokuja kumuaga Rais Magufuli pale Uhuru, msongamano uliua watu 45. Tangu hapo nikiona watu wanasukumana getini naondoka eneo hilo mara moja, hata nikikosa dakika za mwanzo, na mtoto namshika mkono muda wote, simwachii hata kidogo.

Kutoka nako kuna namna yake. Barabara ya Taifa hujifunga mpira ukiisha, bajaji na bodaboda zote zinapandisha bei. Kaa kitini nusu saa, kunywa maji, kisha tembea taratibu mpaka Barabara ya Kilwa ukapande gari la kwenda mjini au Mbagala. Utawapita wengi waliotoka kabla yako wakiwa bado wamekwama Chang'ombe.