Kipima masafa kipi ununue kwa waifai ya Mombasa, na namba zake zisomwe vipi

Ukiulizia dukani kifaa cha kupima waifai, utaonyeshwa vitu viwili visivyofanana. Skana husoma majina ya mitandao na nguvu zake. Kipima masafa (spectrum analyzer) hakijui jina la mtandao wowote. Kinaona kila nguvu iliyo hewani, iwe ya ruta, bluutuuthi au maikrowevu ya jirani. Ukivichanganya, pesa zimekwenda.

Halafu kuna dBm, kipimo cha nguvu. Kwenye waifai namba huwa hasi, kwa hiyo −50 ni bora kuliko −70. Ikishuka kwa 3, nguvu imebaki nusu. Ikishuka kwa 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Kwa simu ya video tafuta −67 au zaidi. Ila namba hiyo haitoshi bila kujua sakafu ya kelele, yaani mvumo uliopo hewani hata ruta yako ikizimwa. Sakafu ikiwa −95, kati yake na −67 una nafasi ya dB 28, na mambo ni mazuri. Kamera ya jirani isiyo na waya ikiipandisha hadi −80, unabaki na 13: video inakwama huku simu ikionyesha mistari yote.

Nafasi ya kwanza: simu ya Android na programu ya bure ya skana. Wengi hawahitaji zaidi ya hapo. Washa huduma ya mahali, la sivyo orodha hutoka tupu. Tangu Android 9 programu huruhusiwa kupima mara 4 tu kila dakika 2. Kuanzia Android 10 kizuizi hicho huzimwa kwenye mipangilio ya wasanidi (Developer options). Kwenye 2.4 GHz, moja ya bendi za waifai, kaa chaneli 1, 6 au 11. Chaneli zimeachana MHz 5 lakini mtandao mmoja unachukua 20, hivyo jirani aliyejiweka 3 anaharibu 1 na 6 pamoja. Katika nyumba za Mji wa Kale, pima mlangoni, kisha nyuma ya ukuta wa mawe ya matumbawe. Ikishuka kwa 15 au zaidi, tatizo ni ukuta. Nunua ruta ya pili uivutie waya. (iPhone iache: programu za kawaida haziruhusiwi kuorodhesha mitandao ya jirani.)

Nafasi ya pili, kwa fundi: kipima masafa cha tinySA Ultra. Inashikika mkononi na inafika juu ya 5 GHz. Ikitoka kwenye boksi huishia MHz 800, na watu hudhani wameuziwa feki. Fungua mipangilio, washa hali ya Ultra, weka namba ya kufungulia 4321. Unganisha matundu ya CAL na RF kwa waya mfupi, fanya jaribio la ndani (self test) mbele ya muuzaji. Weka 2400 hadi 2485 MHz na uwashe kushikilia kilele (max hold), yaani skrini ibakize namba ya juu kabisa iliyoonekana, maana waifai hutuma kwa vipande vifupi na kifaa hufagia polepole. Usichomeke ruta moja kwa moja: dBm 20 zake zinaweza kuua mlango wa kuingilia. Weka kipunguzi cha nguvu (attenuator) cha dB 30 katikati.

Ya tatu ni redio ya airMAX ya kampuni ya Ubiquiti yenye airView, yaani kipima masafa cha ndani yake, kwa anayevusha mtandao juu ya maji, tuseme Tudor. Kwenye mfululizo wa M, ukifungua airView kiungo hukatika, kwa hiyo usifanye mchana wa kazi. Pima maji yakijaa na yakipwa, hasa siku za bamvua, kwani mawimbi yanayorudi kutoka usoni mwa maji hubadilika na kimo chake.

HackRF One, redio ya kuchomeka kwenye kompyuta, 1 MHz hadi 6 GHz, ni ya anayejifunza: huona MHz 20 kwa mara moja na kwa kawaida huhitaji laptopu.

Mwisho kabisa RTL-SDR, kijiredio cha USB cha kupokea tu. Bei yake ni rahisi, lakini ya kawaida huishia karibu 1.7 GHz, haifiki waifai. Inafaa kusikiliza meli za Kilindini kwenye MHz 162 na ndege kwenye 1090.

Chochote utakachochukua, funika viunganishi vya SMA (vile vya skrubu vya antena), kisha hifadhi kifaa kwenye kopo lisilopitisha hewa lenye vifuko vya silika. Chumvi ya hapa ikishika kiunganishi, namba hushuka kidogo kidogo nawe unailaumu antena.