Msokoto wa mtutu na uzito wa risasi ya .223: upi ununue, na boksi lipi uliache dukani

Bunduki mbili za kaliba ya .223 Remington zinaweza kufanana kwa kila kitu na kuuzwa bei moja, lakini ukizilisha risasi ya greni 77 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), moja ikakusanya matundu pamoja kwenye mita 100 na nyingine isiguse karatasi kabisa. Tofauti iko kwenye namba ndogo iliyogongwa juu ya mtutu: 1:7, 1:8, 1:9 au 1:12. Namba hiyo ndiyo msokoto: inasema mifereji ya ndani ya mtutu inamaliza mzunguko mmoja ndani ya inchi ngapi. Inchi zikiwa chache, risasi inazungushwa kwa kasi zaidi.

Wanunuzi huuliza uzito kwa sababu ndio ulioandikwa kwenye boksi. Kinachoamua hasa ni urefu wa kichwa cha risasi. Kichwa kirefu huyumba upesi kama pia ya kuchezea watoto iliyopungukiwa mwendo, kwa hiyo kinadai msokoto mkali. George Greenhill wa Uingereza alitoa kanuni yake ya kukadiria jambo hili mwaka 1879. Leo wengi hutumia ya Mmarekani Don Miller, ambayo hutoa kipimo cha utulivu. Chini ya 1 risasi inapinduka hewani, na 1.5 kwenda juu unalala usingizi. Chukua kichwa cha greni 77 chenye urefu wa inchi 0.99, kinachotoka kwa kasi ya futi 2,800 kwa sekunde. Kwenye 1:12 kinapata takriban 0.8, kwenye 1:9 ni 1.4, kwenye 1:8 ni 1.8, na kwenye 1:7 ni 2.3. Mpangilio wote unaofuata unatokana na hesabu hiyo.

Nafasi ya kwanza: 1:8. Kama bado hujanunua bunduki, na unataka moja ya kulengea shabaha na kuwindia wanyama wadogo, chukua hii. Inatuliza greni 55 za bei nafuu, inatuliza 69, inatuliza 77 hata siku ya baridi. Greni 80 pia inazimudu, ila risasi hizo ni ndefu mno kwa magazini ya bunduki aina ya AR-15, ambayo nafasi yake ni kama inchi 2.26, utazitia moja moja kwa mkono. Ruger American ya .223 inakuja na msokoto huu. Tikka imekuwa ikitoa .223 zenye misokoto tofauti, kwa hiyo soma mtutu wenyewe, usitegemee jina la modeli.

Nafasi ya pili: 1:7. Huu ni msokoto wa jeshi la Marekani tangu bunduki yake ya M16A2 ya miaka ya 1980. Risasi ya kawaida ya M855 yenye greni 62 haikuuhitaji. Uliwekwa kwa ajili ya M856, risasi ya kuacha alama ya moto, ambayo kichwa chake ni kirefu zaidi. Kwa greni 69 hadi 80 ni mzuri sana. Kasoro yake iko upande wa risasi nyepesi zenye ganda jembamba la shaba, zile zinazotengenezwa zipasuke ndani ya mnyama mdogo. Zidisha kasi kwa 720, kisha gawanya kwa inchi za msokoto: futi 3,200 kwa sekunde kwenye 1:7 ni mizunguko kama 329,000 kwa dakika, wakati 1:12 ingeipa 192,000 tu. Ganda linaweza kuchanika njiani. Unapiga, unaona kimoshi cha kijivu mbele ya mtutu, na karatasi haina tundu. Ukiona hivyo usihangaike na darubini, badili risasi.

Nafasi ya tatu: 1:9. Inatosha kwa greni 45 hadi 69, na wengi hawahitaji zaidi. Greni 75 na 77 ziko ukingoni: zinaweza kukubali kwenye nyanda za juu wakati wa joto, kisha zikatawanyika pwani au kwenye baridi, kwa kuwa hewa nzito huongeza nguvu ya kuipindua risasi.

Nafasi ya mwisho: 1:12. Usiidharau kama iko kwenye bunduki uliyo nayo. Kwa greni 40 hadi 55 inapiga vizuri sana. Usiitilie M855. Uzito wake wa greni 62 unadanganya, maana ina ncha ya chuma ndani, chuma ni chepesi kuliko madini ya risasi, na hivyo kichwa kimerefuka. Ndivyo ilivyo pia kwa vichwa vya shaba tupu. Mwindaji wa California, ambako risasi zenye madini ya risasi zimepigwa marufuku kwa uwindaji wote tangu Julai 2019, anapaswa kusoma msokoto ambao mtengenezaji ameuandika kwenye boksi kabla ya kulipa.

Kaliba nyingine zina historia yao. Mwaka 1955 kampuni ya Remington ilitoa .244 ikiwa na 1:12, na Winchester ikatoa .243 ikiwa na 1:10 iliyomudu greni 100 bila shida. Wawindaji wa swala walikimbilia .243. Remington ikalazimika kubadili msokoto kuwa 1:9 na kuipa risasi ileile jina jipya, 6mm Remington, mwaka 1963. Anayenunua .375 H&H kwa ajili ya nyati hana kazi hii: 1:12 ya kiwandani na greni 300 vinaelewana.

Kama mtutu hauna namba, pima. Toa magazini, fungua chemba, hakikisha kwa jicho na kidole kwamba ni tupu. Funga kitambaa kinachobana kwenye fimbo ya kusafishia yenye mpini unaozunguka wenyewe, isukume ndani kidogo, weka alama ya wino juu ya fimbo na nyingine usawa wa mdomo wa mtutu. Sukuma polepole hadi alama ya juu izunguke na kurudi pale ilipoanzia, kisha weka alama nyingine tena usawa wa mdomo. Umbali kati ya alama mbili za mdomoni ndio msokoto. Rudia mara tatu; kitambaa kilicholegea huteleza na kutoa namba kubwa kuliko ukweli.

Soma pia jina la chemba, yaani sehemu ya mtutu inapokaa risasi. Iliyoandikwa 5.56, risasi ya kijeshi inayofanana na .223, hupokea .223, lakini usitie 5.56 kwenye chemba ya .223, kwani shinikizo linaweza kupanda kupita kiasi.

Kisha nunua boksi moja moja la risasi 20, sio katoni. Piga tano tano kwenye mita 100 na uangalie umbo la tundu. Tundu la duara ni sawa. Tundu lililorefuka upande mmoja, au alama ya risasi iliyogonga kwa ubavu, maana yake kichwa ni kirefu kuliko mtutu unavyoweza. Shuka uzito, au tafuta kichwa kifupi chenye kitako bapa cha uzito uleule.