Samaki wa Feri kwa sisi wenye kolestro, nimekula na maswali nimeuliza

Mi ni mtu wa kula nje, kazi yangu ni mizunguko ya mjini na hotpoti siwezi kubeba, na tangu kipimo kioneshe LDL, ile kolestro mbaya, iko 4.4 na daktari akasema anaitaka chini ya 2.6 nimekuwa yule mteja msumbufu anayeulizia mafuta kabla ya bei. Kwa hiyo hapa sipimi utamu peke yake.

Sehemu yenyewe ni kibanda cha wachoma samaki jirani na soko la Feri, Dar, hakina kibao, we fuata moshi tu. Mabenchi ya mbao, turubai juu, ndoo ya koki ya kunawia. Samaki unamchagua mwenyewe akiwa bado mbichi na hapo ndo waliponipata, maana sehemu nyingi unakuta chakula kimepikwa toka asubuhi, ukiuliza wametumia mafuta gani dada anakujibu "ya kawaida tu kaka". Ya kawaida ndo yapi sasa? Mawese karibu nusu yake ni yale mafuta yanayopandisha LDL, na yale ya mgando ndo usiseme kabisa, mengine yana mafuta ya transi, yanayotokea mafuta ya maji yakigandishwa kiwandani, na WHO toka 2018 wanazihimiza nchi ziondoe mafuta ya transi ya viwandani kwenye vyakula.

Nikachukua vibua wawili. Jamaa anawachanja ubavuni mistari mitatu mitatu, anasukumia humo tangawizi na kitunguu swaumu kilichotwangwa na chumvi, anakamulia ndimu, anawabana kwenye wavu. Mpaka hapo safi. Alafu akavuta chupa ya maji iliyokatwa shingo, ndani mafuta na brashi, anataka kuwapaka kila akiwageuza. Nikamwambia kaka usipake. Akanitazama, "Mkubwa atakuwa mkavu huyo." Nikamwambia muache akauke, we niongezee ndimu. Akacheka lakini akafanya, na hilo ndo nawapa maksi zote, hakuna kununa wala kukujibu kuwa hapa hatupiki hospitali. Na wala hakukauka, kibua ana mafuta yake mwenyewe tena ya omega 3 yale tunayoambiwa tuyafuate, ngozi ilipasuka kwa moto yakawa yanadondoka kwenye mkaa yanalia. Kwa anayependa changu au tasi wapo, ila hao hawana mafuta mengi kwa hiyo bila kupakwa kidogo kweli wanakamata meno.

Kitu cha pili ni mchemsho na huu mimi nauona ndo chakula bora kwa mtu wa hali yangu mji mzima, sijui kwa nini hausifiwi. Samaki, ndizi mbichi, karoti, nyanya chungu, bamia mbili tatu, pilipili mbuzi nzima inaelea, hamna mafuta yoyote yaliyoongezwa. Ila uwe wa samaki, au kuku aliyevuliwa ngozi. Ule wa mbuzi wa baa nyingi juu unakuta kimeganda kiwingu cheupe ukipoa kidogo, na huo weupe ndo wenyewe tunaoukimbia.

Sasa lawama. Pembeni ya samaki kila kitu kina nazi. Maharage nazi, mchicha nazi, wali nazi, na kibua wa kupaka anamwagiwa tui zito. Watu wa Tanga na visiwani mtanisamehe, najua nimegusa pabaya, lakini mafuta ya nazi zaidi ya asilimia 80 ni ya aina ile ile inayopandisha LDL, na kinachouma zaidi ni maharage maana yenyewe yalitakiwa yawe dawa yetu kwa zile nyuzinyuzi zake. Nikauliza hamna hata sufuria moja ya chukuchuku? Hamna. Nikaishia ugali na kachumbari ambayo kwa kweli ni nzuri, kabichi, nyanya, tango, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi kikatoa ukali, ndimu. Chumvi ya samaki imezidi, mwenye presha aseme mapema. Na subira uwe nayo, mchemsho wanaanza moto wakati wewe umeshakaa.

Bei ya kawaida, samaki na ugali huvuki elfu kumi kama hujaangukia kolekole mkubwa. Ukilinganisha na chipsi mayai ndio ghali, ila lile karai la chipsi lenye mafuta meusi mi nimeshaagana nalo. Watu wanalaumu yai wakati kiini kimoja kina kolestro kama miligramu 190 hivi, ambayo wengi wetu mwili hauisumbukii kama unavyosumbuliwa na hayo mafuta tunayokaangia.

Juisi wanayo, ukwaju, miwa na siku nyingine balungi. Mnaomeza dawa za kushusha kolestro kama atorvastatin au simvastatin hilo balungi liacheni lipite, linafanya dawa iwe nyingi mno kwenye damu, muulize mfamasia wako kama huniamini. Ukwaju agiza kabla hawajatia sukari.

Kwa ujumla nawapa nne kwenye tano, hiyo moja ni ya maharage na siirudishi mpaka wapike chukuchuku. Ukienda Jumapili wahi kabla ya saa saba mchana, vibua vinaisha wanabaki ngisi na kamba, ambao nao sio wabaya kama wanavyosemwa, kolestro wanayo ndio lakini yale mafuta mabaya ni kidogo sana, shida ni kwamba pale wanawatumbukiza kwenye unga na kuwakaanga, kwa hiyo mwambie mchomaji mapema awatunge kwenye kijiti awaweke jikoni. Anajua kuwachoma, ni kwamba hakuna anayemwambia.