Kisu cha Kuchongea Mti: Kisichokunjwa au cha Kukunja?

Kisu kisichokunjwa, ambacho shina la bapa lake limezama ndani ya mpini, hustahimili msukumo wa kidole gumba bila kucheza, na kwa kuwa mpini wake huwa mnene na wa mviringo, mkono hauchoki upesi hata baada ya saa nzima ya kuchonga. Bapa la sentimita 4 hadi 8 linatosha. Likizidi hapo, ncha huwa mbali na mkono, na mikunjo midogo ya kijiko au kinyago huwa vigumu kuifuata. Dosari yake ni kwamba hakibebeki salama bila ala.

Kisu cha kukunja hukaa mfukoni, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Hata hivyo, kisipokuwa na kizuizi cha bapa, kinaweza kujifunga juu ya vidole pale ncha inapokwama katika mti, na mpini wake mwembamba huumiza kiganja. Kwa anayeanza ningechagua cha kwanza, tena cha chuma cha kaboni, ambacho hunoleka kwa urahisi ingawa hushika kutu kikiachwa na unyevu. Cha pili ningekiachia kazi fupi za safarini, kama kuchonga vigingi vya hema.